Harufu Katika Nyumba ya Wakavu

Kama wiki iliyopita hukunisoma, nitakusogeza haraka, maana leo nina jambo linalonikaba koo na nataka kulitoa.

Mimi ni Zubery, dereva. Lori nililolipindua kwenye mteremko wa kwenda Mtowisa lilikuwa la Mzee Abdala, na Mzee Abdala ndiye baba wa mke wangu, Mwasiti. Nilikuwa nimelewa chakari. Utingo wangu, Shida, alikatwa mguu. Mimi sikuchubuka hata kidole, na hilo watu wa Sumbawanga hawajanisamehe mpaka leo.

Mkwe wangu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimchukua binti yake na mjukuu wake Kulsumu akawarudisha kwake, kisha akanipa sharti.

"Nenda kakae kwa yule katekista anayekausha walevi," alisema. "Ulezi ukishapurwa nitakuja. Akiniambia kwa kinywa chake kwamba hujagusa, utamchukua mkeo. Akiniambia umegusa, utatoa talaka hapo hapo nikikutazama."

"Baba, mimi mwenyewe naweza kukuapia..."

"Si wewe. Maneno yako nimeyachoka. Yeye."

Basi ndoa yangu ikawa mdomoni mwa mtu mwingine. Hapo ndipo tulipoishia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la nafaka, nje ya mji kwenye njia ya Kaengesa. Wanakijiji waliiita Nyumba ya Wakavu. Tulikuwa wanaume tupu, tunalala kwenye vitanda vya kamba, tunatetemeka. Mwenye nyumba alikuwa Katekista Gaudensi, mzee mwembamba, mpole, aliyewahi kunywa mpaka akauza mabati ya nyumba yake. Kisha akaacha, akasema atawaokota wenzake.

Mimi nilikuwa Mwislamu pekee. Nilipomuuliza nitasali wapi, alinionyesha kona penye dirisha, akafagia mwenyewe. Nakuambia hivyo, msomaji, ili ujue nilimpenda. Usije ukadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Palikuwa na amri kubwa mbili.

Ya kwanza, kila jioni kabla ya chakula tulipanga mstari, na kila mmoja alimhemea Gaudensi usoni. "Hema," anasema. Unahema. Ukiwa safi, unapita ukale.

Ya pili ilihusu kibuyu. Nyinyi mliokulia Ufipa mnajua: watu wakikusaidia kazi ya shamba, huwaachi waende na midomo mikavu. Unawapikia pombe ya ulezi. Sisi wakavu tulilima na kuvuna pamoja na kijiji kwenye shamba la ujamaa, tukawasaidia na wajane, na akina mama waliona aibu kutuacha hivi hivi. Wakawa wanatupikia togwa. Ulezi ule ule, kimea kile kile, ila inanyweka ikiwa bado tamu. Tabu yake ni kwamba togwa ikilala inakuwa pombe, na kibuyu hakisemi kimelala au hakijalala.

Kwa hiyo ilitakiwa mtu wa kuonja kwanza, na sote tulimchagua Gaudensi. Tuliona ni busara. Nani aijue pombe kuliko yeye?

Akina mama wakileta vibuyu, vinaingia kwanza chumbani kwake. Anaonja. Vya togwa vinatoka, vilivyochacha anasema amemwaga.

Rafiki yangu mle ndani alikuwa Adolfu, fundi mwashi, jitu la watu, mdomo hauna breki. Kitanda chake kilipakana na changu. Aliniita Mswahili, nami nilimwita Mfipa, na tulitukanana kutwa nzima kwa furaha.

"Mswahili, wewe kupura ulezi hujui," aliniambia siku moja uwanjani, tumeshika fimbo. "Unaupapasa kama unambembeleza mkeo arudi."

"Na wewe unaupiga kama umekukosea."

"Umenikosea! Umenilia nyumba, umenilia mke, umenilia na nyundo zangu. Leo naulipizia."

Tukacheka mpaka makapi yakatuingia midomoni. Jioni ile ile, mstarini, Adolfu alipomaliza kuhema hakupita. Alisimama mbele ya Gaudensi akasema kwa sauti ya mzaha:

"Katekista, sisi sote tunakuhemea wewe. Na wewe unamhemea nani?"

Wote tulicheka. Gaudensi naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Baada ya hapo harufu ikaanza. Unaingia ndani kutoka kazini unakutana nayo, uchachu wa pombe ya ulezi, ule unaokaa puani hata ukijifuta. Kwa mlevi anayejizuia ni mateso. Mmoja alilia kwa sauti kitandani. Tukaanza kutazamana kwa macho mabaya, na kila jioni tunahema, na kila jioni tunaambiwa sote ni safi.

Kisha siku moja Gaudensi akasimama mbele ya Adolfu.

"Hema."

Adolfu akahema.

"Hema tena."

Akahema tena, kwa nguvu, karibu amwangushe.

"Adolfu, umekunywa."

"Mimi? Ebo! Nimekunywa nini na wapi?"

"Ulichokunywa unakijua. Toka kwenye nyumba yangu."

Tulidhani ni utani. Adolfu alitutazama mmoja mmoja, kisha macho yake yakatua kwangu.

"Zubery," alisema. Hakuniita Mswahili. "Kutwa tumepura pamoja. Tumekula sahani moja. Waambie. Nimekunywa?"

Hakuwa amekunywa. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini Gaudensi naye alikuwa ananitazama, na kinywa cha Gaudensi ndicho kilichomshika Mwasiti wangu. Ulezi ulikuwa umebaki kidogo tu uwanjani.

"Sijui," nikasema.

Adolfu alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia habari ya msiba. Akavuta blanketi lake kitandani.

"Blanketi ni la nyumba," Gaudensi akasema.

Akaliacha. Akatoka na shati lake.

Msomaji, kama hujawahi kukaa Ufipa wakati wa kipupwe, usiniambie kuhusu baridi. Upepo unapita kwenye mfupa. Waliomwokota Adolfu ni akina mama waliokuwa wanakwenda mtoni asubuhi. Alikuwa ameketi kando ya barabara ameegemea ukingo, mikono ameificha kwapani, na nywele zake zimeganda umande.

Kijiji kizima kikasema amekufa kwa pombe. Mwenyekiti wa kijiji alilisema hadharani, akaonya vijana. Hakuna aliyebisha. Mlevi akifa, nani anauliza amekufa kwa nini?

Tulimzika. Nilishika jeneza upande wa miguu. Aliyeongoza sala alikuwa Gaudensi, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Baada ya mazishi, dada yake Adolfu akanivuta nyuma ya nyumba. Anaitwa Epifania. Tulimjua wote, maana ndiye aliyezidi wenzake kutuletea togwa. Macho yake yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri.

"Kaka Zubery, nikuulize neno moja. Siku ile mnamfukuza, alikuwa amekunywa?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Alikuja kwangu jioni ile," akaendelea. "Mume wangu akamzuia mlangoni. Akasema mlevi haingii kwangu, hata Wakavu wameshindwa naye. Mimi nikapenya, nikamkumbatia kaka yangu, nikamnusa mdomo. Haki ya Mungu, hakuwa na kitu. Alikuwa na njaa tu. Akaniambia, 'Epi, mimi nikae wapi sasa? Nikiwa mlevi nafukuzwa, nikiwa mkavu nafukuzwa.' Akaenda. Amekufa mkavu, Zubery! Amekufa mkavu na mnamzika kama mlevi!"

Nilimwashiria apunguze sauti.

"Basi ile harufu mliyoisema ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Epifania, vile vibuyu unavyotuletea, una hakika ni togwa?"

"Vyenu ni togwa. Ila kile kimoja cha kulala ndiyo kimelala."

"Kipi cha kulala?"

Alinishangaa. "Si kile anachotaka Katekista? Huniambia kila mara nitenge kimoja kilale mpaka kiwe kikali. Anasema anawaonjesha ninyi ili mjue tofauti."

"Hatujaonjeshwa kitu, mama. Hata siku moja."

Epifania akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kibuyu kilichomuua kaka yake alikipika yeye.

Msomaji unajua siku ya pili yake ilikuwa siku gani? Mzee Abdala alikuwa ametuma neno kwamba ndiyo siku atakayokuja. Ulezi ulikuwa umeshapurwa wote.

Asubuhi ile niliingia chumbani kwa Gaudensi bila kubisha hodi. Alikuwa ameketi kitandani, kibuyu kati ya magoti, kama mtu anayeota moto.

"Adolfu hakunywa," nilimwambia.

"Adolfu tumemzika, mwanangu. Tumwombee."

"Usiniite mwanangu. Hicho ni nini?"

"Togwa."

"Ya lini?"

Alinitazama kwa macho mekundu, maskini, na nikaona yule mzee niliyempenda yumo mle ndani, amekaa mbali sana.

"Si umejifanya mnusaji siku hizi?" alisema. "Onja basi, uwe na hakika."

Nilikuwa na hakika. Chumba kizima kilinuka. Hapakuwa na haja ya kuonja, na ningegeuka nikatoka hadithi yangu leo ingekuwa nyingine. Lakini nilitaka kumuumbua. Ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka niseme: nimeonja, ni pombe, umekwisha, mzee.

Nikakipokea. Nikagusisha mdomo. Mkono ukainuka wenyewe. Nilipokishusha, funda lilikuwa limeshapita kooni, na la pili linalifuata.

Mwili mzima ulipata joto. Nilisikia raha, msomaji. Sitakudanganya. Nilisikia raha na hapo hapo nikataka kufa.

Gaudensi alianza kulia.

"Umeona?" alisema. "Umeona lakini? Ndivyo ilivyoanza kwangu. Kuonja tu. Nilikuwa nimeacha, Zubery. Nilikuwa nimeacha kabisa, hata harufu yake ilikuwa inanichefua. Ninyi mkaniambia nionje. Mkaniletea wenyewe mpaka kitandani, mzee aonje, mzee aonje. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba na mimi ni mlevi?"

Nikakiweka kibuyu chini.

"Na Adolfu?"

"Nilimwogopa. Kwa ule utani wake." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Sikujua atakufa. Nilijua atakwenda kwa dada yake."

Honi ya lori ikalia barabarani. Ile honi niliijua, nimeipiga miaka mingi. Mzee Abdala amefika.

Gaudensi akasimama. Ghafla machozi yakakatika, akawa mtu mwingine.

"Sikiliza. Ukisema habari yangu, neno langu halina thamani tena, na mkeo umemkosa. Mwenyekiti anatafuta sababu ya kuufunga huu mlango siku nyingi, anataka ghala liwe la kijiji. Wenzako wote watalala nje, na baridi unaiona. Nyamaza, nami nitakusemea vizuri. Kuna mpera nyuma hapo. Katafune majani."

Nilikwenda. Nilitafuna majani ya mpera mpaka ulimi ukafa ganzi, na yeye pembeni yangu anatafuna, hatutazamani.

Mzee Abdala alishuka kwenye lori na koti lake la baridi juu ya kanzu. Hakukaribia sana, na upepo ulivuma kutoka kwake kuja kwetu. Hata upepo ulikula njama nasi.

"Shikamoo baba," nikasema, kichwa chini.

"Marahaba." Akamgeukia Gaudensi. "Mzee mwenzangu, sina maneno mengi. Huyu kijana amegusa, au hajagusa?"

Gaudensi alinyoosha mgongo.

"Tangu aingie nyumbani kwangu, kila jioni amenihemea usoni. Hajagusa. Mbele ya Mungu wako na wangu."

Na msomaji, jambo baya kuliko yote ni kwamba angeyasema hayo jana yake, yangekuwa kweli tupu.

Mzee Abdala akavua kofia akajifuta paji la uso, kisha akajifuta na macho. Alikuwa anataka iwe hivyo. Mzee yule mkali alikuwa ameomba dua iwe hivyo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mkeo yuko ndani ya gari. Mteremshe."

Sikuamini. Mlango wa lori ulifunguka kabla sijafika, Mwasiti akashuka, Kulsumu amejificha nyuma ya khanga yake. Amekonda mke wangu. Alinishika mkono mbele ya baba yake bila haya.

"Umepona?" aliniuliza.

Niliitikia kwa kichwa, uso nimeugeuzia upande wa shamba.

"Mbona hunitazami, baba Kulsumu?"

"Jua," nikasema, bado nimegeuka.

"Njoo umsalimie mtoto. Kila siku anaulizia."

Nikainama kumshika Kulsumu kichwani, nimebana mdomo. Nilikuwa nahesabia kwamba tukishafika nyumbani nitapiga mswaki, nitakula vitunguu, nitalala, na kesho nitakuwa mkavu kweli, milele. Ningeweza. Nakuapia ningeweza.

Ndipo Epifania akatokea njiani.

Alikuwa na kaniki ya msiba, hana viatu, na nyuma yake wamemfuata akina mama wa kijiji na mwenyekiti mwenyewe. Hakumsalimia mtu. Alipita mbele ya Gaudensi kama anapita kigogo, akaja mpaka nilipo.

"Unaondoka, Zubery?"

"Naondoka, mama."

"Kabla hujaondoka, sema. Watoto wa Adolfu wanaitwa watoto wa mlevi aliyekufia njiani. Mume wangu anasema alifanya vyema kumfungia mlango. Wewe ndiye uliyekuwa naye kutwa. Wote wako hapa. Kaka yangu alikunywa, au hakunywa?"

Gaudensi alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Mzee Abdala akauliza, "Adolfu ni nani?"

Mwasiti alikuwa bado amenishika mkono, uso wake karibu na bega langu, anasubiri kama wengine.

Nilimkumbuka Adolfu akiliacha blanketi. Neno "sijui" lilinijia tena ulimini, tayari kabisa, jepesi. Nililisema mara ya kwanza, na ya pili ingekuwa rahisi zaidi.

"Hakunywa," nikasema.

Nilitaka wasikie mpaka wa nyuma, nikajaza kifua nikapaza sauti. "Adolfu hakunywa! Kutwa nzima nilikuwa naye. Alikuwa mkavu kuliko sisi sote. Harufu ilikuwa ya..."

Sikumaliza.

Miaka yote ya ndoa yetu Mwasiti amenipokea mlangoni kwa pua kabla ya salamu. Majani ya mpera yangemdanganya nani? Nilisikia vidole vyake vinalegea kwenye mkono wangu, kimoja kimoja, mpaka vikatoka vyote. Akamvuta Kulsumu kwake.

Akina mama walikuwa wameanza kupiga kelele, Epifania analia, mwenyekiti anaita jina la Gaudensi. Mzee Abdala alikuwa anatupa macho huku na huku, hajaelewa bado, anatusogelea.

Mwasiti akanikaribia mpaka nikaona machozi yaliyosimama machoni mwake. Alisema kwa sauti ndogo, baba yake asisikie.

"Baba Kulsumu," akasema. "Hema tena."